Pakiti inatokea kadi ipi? Mtandao wa mashine pepe kwenye kompyuta yenye miunganisho mingi

Kompyuta yenye kadi moja ya mtandao haina la kuchagua: kila kinachotoka kinapita hapo. Ongeza Wi-Fi juu ya kebo, kisha VPN ya kazini, kisha simu iliyochomekwa kwa USB ili igawe intaneti, na kompyuta hiyohiyo sasa ina njia nne za kutokea. Mfumo huchagua kimyakimya, na mara nyingi huchagua vizuri. Tatizo huanza mashine pepe (kompyuta ya kubuni inayoendeshwa ndani ya ile halisi kwa programu kama VirtualBox, VMware au Hyper-V) inapoingia, kwa sababu mashine pepe haioni hata moja kati ya njia hizo nne. Inaona kadi moja ya kubuni na lango moja (anwani ya kutokea nje ya mtandao wake), basi.

Ndiyo maana malalamiko huwa yaleyale: jana ilikuwa inafanya kazi. Jana kompyuta ilikuwa kwenye kebo, leo iko kwenye Wi-Fi; au jana VPN ilikuwa imezimwa. Ndani ya mashine pepe hakuna kilichobadilika, lakini humo ndimo watu wanamoshinda wakihariri mipangilio, mahali ambapo kosa halipo.

Kabla ya amri yoyote, jibu swali moja: mashine pepe imeunganishwa kwa NAT (kuazima anwani ya kompyuta inayoibeba) au kwa daraja (kuingia mtandaoni kama kifaa kinachojitegemea)? Njia hizi mbili huharibika kwa namna zinazopingana. NAT hufuata jedwali la njia la kompyuta mwenyeji, yaani ile inayobeba mashine pepe. Daraja halijali jedwali hilo hata kidogo.

NAT ikikwama, anza na mwenyeji

Chini ya NAT, mashine pepe huazima utambulisho wa mwenyeji. Katika VirtualBox kazi hii hufanywa na programu yenyewe: muunganisho unaoanzia ndani ya mashine pepe hufunguliwa upya na VirtualBox kana kwamba ni kivinjari tu kinachotumia intaneti. Mashine pepe hupewa 10.0.2.15, lango ni 10.0.2.2, na DNS (seva ya majina) inaweza kuwa 10.0.2.3. Mashine pepe mbili zinaweza zote kuwa na 10.0.2.15 na huo si mgongano, kwa kuwa kila moja ina NAT yake na haiioni nyingine. VMware hutumia mtandao uitwao VMnet8, ambamo mwenyeji huishia na .1, lango na .2, na DHCP (huduma inayogawa anwani) hugawa kuanzia .128. Kwenye Linux yenye libvirt kuna virbr0 na 192.168.122.0/24, na hapo anayebadilisha anwani ni kerneli (kiini cha mfumo). Hyper-V ina swichi iitwayo Default Switch, ambayo tabia yake mbaya tutaifikia.

Maana yake ni rahisi: mwenyeji akiweza kutoka, mashine pepe nayo hutoka, kwa kadi ileile. Ukichomoa kebo, miunganisho iliyokuwa wazi hufa, ila mipya hupitia Wi-Fi bila mashine pepe kujua. Kwa hiyo mashine pepe ya NAT ikikosa intaneti, swali la kwanza ni kadi gani mwenyeji anaitumia kwa safari hiyo. Usikisie, muulize:

    ip route get 1.1.1.1

Hiyo ni Linux. Kwenye macOS andika `route -n get 1.1.1.1`, na kwenye PowerShell ya Windows `Find-NetRoute -RemoteIPAddress 1.1.1.1`. Jibu litakutajia kadi, lango, na anwani ya chanzo. Ni amri moja yenye faida kuliko kusoma jedwali zima kwa macho.

Mwenyeji huchagua kwa kanuni mbili, tena kwa mpangilio. Kwanza, njia iliyo mahususi zaidi, yaani inayohusu anwani chache zaidi, hushinda: /24 huishinda /16, na /16 huishinda njia ya msingi (ile ya safari zisizo na njia nyingine). Pili, zikilingana, yenye metriki (namba ya kipaumbele) ndogo hushinda. Kwenye Linux yenye NetworkManager kebo hupewa 100 na Wi-Fi 600, kwa hiyo kebo ikiwa na lango kwa kawaida hushinda. Windows hujumlisha metriki ya njia na ile ya kadi, na ya kadi hukadiriwa kutokana na kasi ya kiungo. Orodha yake hupatikana kwa `Get-NetIPInterface`. macOS hufuata mpangilio wa huduma ulioko kwenye mipangilio ya mtandao.

Hapo ndipo mtego wa kawaida kabisa ulipo. Kebo imeingia kwenye mtandao wa vifaa usio na intaneti, tuseme wa kamera au wa mashine za kiwandani, lakini ruta ya hapo inagawa lango kupitia DHCP. Wi-Fi ina intaneti safi. Mwenyeji, kwa metriki, anatuma kila kitu kwenye kebo. Dawa ni kuinyima kebo njia ya msingi, huku njia ya mtandao wake wenyewe ikibaki:

    nmcli connection modify "Kebo" ipv4.never-default yes
    nmcli connection up "Kebo"

Kwenye Windows ongeza metriki ya kebo hadi iipite ya Wi-Fi: `Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -InterfaceMetric 90`. Ukitaka uhakika zaidi, weka anwani ya kebo kwa mkono na uache nafasi ya lango wazi.

VirtualBox pia ina chaguo la kuifunga NAT kwenye anwani fulani ya mwenyeji, mashine pepe ikiwa imezimwa:

    VBoxManage modifyvm "seva1" --natbindip1 "192.168.8.20"

Wengi huitumia wakidhani inachagua kadi. Inachagua anwani ya chanzo tu. Kwenye Windows hilo hutosha, kwa kuwa tangu Vista mfumo huo hutuma pakiti kupitia kadi yenye anwani husika. Kwenye Linux halitoshi: kerneli bado huangalia mwisho wa safari, hivyo pakiti yenye anwani ya Wi-Fi inaweza kutokea kwenye kebo na kupotea. Inabidi uongeze kanuni inayofuata chanzo:

    sudo ip rule add from 192.168.8.20 table 100
    sudo ip route add default via 192.168.8.1 dev wlan0 table 100

Jambo moja kuhusu ping. Chini ya NAT ya VirtualBox usiitegemee kama ushahidi, na traceroute usiihesabu kabisa, kwa sababu NAT ile hubeba TCP na UDP vizuri lakini ICMP (itifaki ya ping) kwa shida. Tumia `curl -4 -v https://example.com`. Ikipita, mtandao upo, hata ping ikinyamaza.

Daraja: swali ni kadi, siyo njia

Daraja huishikiza mashine pepe kwenye kadi moja halisi, chini ya kiwango cha anwani za IP. Mashine pepe hugeuka kifaa kingine cha mtandao huo, chenye MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi) na anwani yake kutoka DHCP ya ruta. Hiyo ndiyo nguvu yake, na pia sababu ya vituko vyake: mwenyeji anaweza kuwa anatazama video kupitia Wi-Fi huku mashine pepe imeshikizwa kwenye kebo iliyochomolewa. Mwenyeji ana intaneti, mashine pepe ina 169.254 kitu fulani.

Anwani inayoanza na 169.254 ni ujumbe, siyo anwani ya kufanyia kazi. Inasema: niliomba DHCP, hakuna aliyejibu. Chini ya daraja maana yake huwa moja kati ya haya: kadi uliyoichagua siyo, kadi ni sahihi ila haina kiungo, au kuna kitu kinachozuia MAC ngeni.

Uchaguzi wa kadi usiuachie mashine. VMware, kwa chaguo-msingi, huiacha VMnet0 ichague yenyewe, na kwenye kompyuta yenye kadi za VPN na za programu nyingine za mashine pepe inaweza kuangukia kadi ya kubuni. Fungua Virtual Network Editor kwa ruhusa za msimamizi, chagua VMnet0, utaje kadi kwa jina. Au bonyeza Automatic Settings uondoe alama kwenye kadi zote usizozitaka. VirtualBox nayo hukumbuka kadi kwa jina. Ukiwa umeshikiza mashine pepe kwenye adapta ya USB kisha ukaiacha nyumbani, mashine pepe itakataa hata kuwaka, ikilalamika kwamba kadi halisi haikupatikana. Kwenye Windows adapta hiyohiyo ikichomekwa tundu jingine inaweza kusajiliwa kama kadi mpya yenye #2 mwishoni mwa jina, na hapo utachagua upya.

Kama kadi unayoitaka haimo kabisa kwenye orodha, au imo lakini hakuna kinachopita, fungua sifa za kadi hiyo katika Windows na utazame vitu vilivyotiwa alama. Panatakiwa pawe na "VirtualBox NDIS6 Bridged Networking Driver" au "VMware Bridge Protocol", kulingana na programu unayotumia. Baadhi ya programu za VPN na za usalama huziondoa alama hizo zinapojisakinisha. Jambo lingine dogo linalosahaulika: katika mipangilio ya VirtualBox kuna kisanduku kiitwacho "Cable Connected". Kikiwa kitupu, kadi ya ndani huonekana kama imechomolewa, na utahangaika bure.

Kwa Hyper-V, ukiunda swichi ya aina ya External, anwani ya IP ya mwenyeji huhama kutoka kadi halisi kwenda kadi mpya yenye jina linaloanza na vEthernet. Usishtuke kuikuta kadi halisi haina IP, ndivyo inavyotakiwa. Shtuka kama uliacha wazi kisanduku cha kuruhusu mwenyeji ashiriki kadi hiyo, hasa ukiwa unaisimamia kompyuta kutoka mbali, maana utakatika papo hapo.

Wi-Fi inastahili aya yake. Kifaa cha kawaida cha Wi-Fi hutuma fremu zenye nafasi ya anwani tatu za MAC: ya anayetuma, ya kituo cha Wi-Fi, na ya anayelengwa. Hakuna nafasi ya kusema "natuma mimi, ila kwa niaba ya mwingine". Kituo humpokea aliyejitambulisha tu, na mashine pepe yenye MAC yake haikujitambulisha. Kwa sababu hiyo kerneli ya Linux hukataa kabisa kuiweka kadi ya Wi-Fi iliyo katika hali ya kawaida ndani ya daraja. VirtualBox na VMware huzunguka kizuizi hicho kwa kubadilisha MAC ya mashine pepe iwe ya kadi halisi, kisha kurudisha majibu kwa kuangalia IP. Ujanja huo huenda vizuri kwa IPv4 ya kawaida. Kwenye IPv6, DHCP yenye masharti, au vituo vinavyochunga anwani kwa ukali, huvunjika kwa namna zisizotabirika.

Msimamo wetu ni kwamba daraja juu ya Wi-Fi likikataa, usipigane nalo. Unachohitaji karibu kila mara ni kuingia ndani ya mashine pepe kutoka nje, na hilo NAT hulitoa kwa kupitisha porti:

    VBoxManage modifyvm "seva1" --natpf1 "ssh,tcp,,2222,,22"
    ssh -p 2222 mtumiaji@127.0.0.1

Mitandao ya maofisini huleta kizuizi kinachofanana nacho hata kwa kebo. Swichi inaweza kuwa imepangwa ikubali MAC moja tu kwa kila porti. Ikiona ya pili inaitupa, au inaifunga porti nzima, na sasa hata mwenyeji hana mtandao. Ukiona mwenyeji anakatika kila mashine pepe inapowaka, hilo liwe la kwanza kushuku.

Anwani zinapogongana

Kila programu ya mashine pepe huja na mtandao wake wa ndani, na kompyuta yenye miunganisho mingi huwa tayari imejaa. Mtandao wa mwenyeji pekee wa VirtualBox (host-only, unaounganisha mwenyeji na mashine pepe zake tu) hukaa 192.168.56.0/24, libvirt 192.168.122.0/24, Docker 172.17.0.0/16. Default Switch ya Hyper-V ndiyo yenye kuudhi zaidi: hujichagulia mtandao katika anwani za ndani na inaweza kuubadilisha mwenyeji anapowaka upya, kwa hiyo anwani ya mashine pepe uliyoiandika jana leo haipo. Kwa kazi ya kudumu unda swichi yako ya Internal na uiwekee `New-NetNat`, mtandao uuchague wewe.

Mgongano hauleti ujumbe wa kosa, huleta ukimya. Tuseme kampuni ina seva 10.0.2.40 nyuma ya VPN. Mwenyeji anaifikia bila shida. Mashine pepe ya VirtualBox iko kwenye 10.0.2.0/24, kwa hiyo inaamini kwamba 10.0.2.40 ni jirani yake wa karibu. Inauliza kwa ARP ni nani mwenye anwani hiyo, hakuna anayejibu, na pakiti haifiki hata kwenye lango. Hakuna faiwoli wala VPN ya kulaumiwa. Hamisha mtandao wa NAT:

    VBoxManage modifyvm "seva1" --natnet1 "10.77.0.0/24"

Kinyume chake pia hutokea: mtandao wa mwenyeji pekee wa 192.168.56.0/24 ukikutana na seva ya kampuni yenye 192.168.56.10, njia mahususi ya karibu hushinda na seva hiyo hutoweka machoni pa mwenyeji. Ukitaka kuhamisha mtandao wa mwenyeji pekee, fahamu kwamba tangu toleo 6.1.28 VirtualBox kwenye Linux na macOS hukubali anwani za 192.168.56.0/21 tu, hadi uruhusu nyingine katika `/etc/vbox/networks.conf`, kwa mstari kama `* 10.0.0.0/8`. Kwa libvirt hariri kwa `virsh net-edit default`, halafu `virsh net-destroy default` na `virsh net-start default`. Zima mashine pepe zinazoutumia kabla ya kufanya hivyo.

VPN hugusa mambo manne kwa mpigo

VPN ikiwashwa hubadilisha njia, DNS, ukubwa wa pakiti, na mara nyingi faiwoli. Yatenganishe, la sivyo utatibu malaria kwa dawa ya jino.

Njia kwanza. Chini ya daraja, mashine pepe haipiti kwenye VPN ya mwenyeji. Kwa anayetarajia kufikia seva za kampuni ni kero. Kwa anayedhani trafiki ya mashine pepe imefichwa ni hatari. Chini ya NAT ya VirtualBox hupita, kwa kuwa ni programu ya kawaida ya mwenyeji. NAT inayofanywa na kerneli, kama ya libvirt na Hyper-V, iko katikati: pakiti zake ni za kupitishwa, siyo zilizozaliwa kwenye mwenyeji, na programu nyingi za VPN huandika kanuni za faiwoli zinazokubali zile zilizozaliwa hapo tu. Matokeo yake, mwenyeji ana mtandao, mashine pepe haina, na jedwali la njia liko sawasawa kabisa. Usidanganyike pia ukitafuta njia ya msingi ya VPN usiione: OpenVPN huacha njia ya zamani ilivyo na kuongeza mbili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, ambazo kwa kuwa ni mahususi zaidi huifunika.

DNS hujitambulisha upesi. Kama `curl` kwa anwani ya IP inaitikia na kwa jina inakataa, ni DNS. Mashine pepe huenda bado inashikilia seva ya majina ya kabla ya VPN. Katika VirtualBox mwachie mwenyeji kazi ya kutafuta majina: `VBoxManage modifyvm "seva1" --natdnshostresolver1 on`. Chini ya daraja DNS inatoka kwa ruta, na ruta haitayajua majina ya ndani ya kampuni hata umbembeleze vipi.

Ukubwa wa pakiti ndio unaochukua muda mrefu kugunduliwa, kwa sababu kila kitu kidogo kinapita. Ping inajibu, DNS inajibu, SSH inaanza kuunganisha kisha inaganda, ukurasa wa wavuti unabaki mweupe. Kadi ya ndani ya mashine pepe inaamini inaweza kutuma baiti 1500, lakini handaki la VPN lina nafasi ndogo zaidi. WireGuard, kwa mfano, kwa kawaida hutumia 1420. Mfumo ungepaswa kuambiwa kwa ujumbe wa ICMP upunguze, na ujumbe huo umezuiwa mahali fulani. Pima ukiwa ndani ya mashine pepe, isipokuwa kwenye NAT ya VirtualBox, ambako ping haiaminiki:

    ping -M do -s 1472 1.1.1.1

Kwenye Windows ni `ping -f -l 1472 1.1.1.1`. Hizo 1472 ukiongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP unapata 1500. Ikikataa, shuka: 1392 ni sawa na 1420, 1372 ni sawa na 1400. Ukipata inayopita, weka MTU hiyo (ukubwa wa juu wa pakiti) ndani ya mashine pepe, `sudo ip link set dev enp0s3 mtu 1400`, ujaribu tena kilichokuwa kinaganda. Kikifunguka, iandike kwenye mipangilio ya kudumu. Kama mashine pepe ni nyingi, ni nafuu kurekebisha mara moja kwa mwenyeji wa Linux:

    sudo iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Kizuizi kilicho kwa mwenyeji mwenyewe

Kwenye Linux, Docker na mashine pepe zikikaa nyumba moja hukosana. Tangu toleo 1.13, Docker ikiwasha upitishaji wa pakiti hugeuza sera ya mnyororo wa FORWARD (kanuni za faiwoli ya iptables kwa pakiti zinazopitishwa) kuwa DROP, yaani kutupa. Kama kipengele cha br_netfilter kimepakiwa, hata fremu za daraja hupitishwa kwenye iptables, na mashine pepe iliyokuwa na afya inanyamaza siku Docker iliposakinishwa. Angalia:

    sudo iptables -S FORWARD | head -1
    sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables

Ukiona `-P FORWARD DROP` na namba 1, mhalifu ni huyo. Ruhusu daraja lako pekee: `sudo iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT`. Wapo wanaoshauri kuigeuza ile namba kuwa 0. Inafanya kazi, ila inalegeza pia utenganisho ambao Docker yenyewe inautegemea.

Windows ina lake dogo. Kadi ya mwenyeji pekee haina lango, kwa hiyo Windows huuita mtandao usiotambulika na kuutia katika kundi la mitandao ya umma, ambamo ping inayoingia huzuiwa. Mwenyeji anaifikia mashine pepe, mashine pepe haimpati mwenyeji. Ruhusu ICMPv4 kwenye faiwoli badala ya kuizima yote.

Mashine pepe yenye kadi mbili

Mpangilio maarufu ni NAT kwa ajili ya intaneti na mtandao wa mwenyeji pekee kwa ajili ya SSH. Ni mpangilio mzuri, kwa sharti moja: njia ya msingi iwe kwenye NAT tu. DHCP ya mtandao wa mwenyeji pekee haigawi lango, lakini mtu akiandika anwani kwa mkono hujaza 192.168.56.1 kwenye nafasi ya lango kwa mazoea, na hapo nusu ya safari zinaishia ukutani. Tazama `ip route`. Mistari ya `default` ikiwa miwili, umelipata.

Majina ya kadi nayo hupotosha. Kwenye Linux ndani ya VirtualBox kadi ya kwanza kwa kawaida huwa enp0s3 na ya pili enp0s8. Ukibadilishana aina za kadi hizo kwenye dirisha la mipangilio, faili ya netplan (mipangilio ya mtandao) bado inataja majina ya zamani kwa kazi za zamani.

Kadi mbili zote za daraja, kila moja kwenye mtandao wake, huleta tatizo la jibu kurudi kwa mlango mwingine. Ombi linaingia kwa kadi ya pili, jibu linatokea kwa ya kwanza kwa sababu ndiko iliko njia ya msingi, na aliyeuliza analitupa. Dawa ni zilezile kanuni za `ip rule` zinazofuata chanzo, safari hii ndani ya mashine pepe. Kulegeza `rp_filter` (ukaguzi wa kerneli kama pakiti imeingia kwa kadi inayotarajiwa) kutoka 1 hadi 2 huruhusu pakiti iingie, lakini hakubadilishi jibu linakotokea.

Kufuatilia pakiti hadi inapofia

Yote haya yakishindwa, acha kukisia na uitazame pakiti. Ndani ya mashine pepe anza na `ip -br a`, kisha `ip route`, kisha jaribu lango, kisha `ip neigh`. Lango likionyesha FAILED au INCOMPLETE, ARP haijibiwi: tatizo liko kwenye kadi au daraja, na hakuna sababu ya kugusa DNS wala njia. Likionyesha REACHABLE, safari imekatikia mbele ya hapo.

Sasa fungua terminali mbili kwa mwenyeji, moja kwenye kadi ya upande wa mashine pepe na nyingine kwenye kadi halisi:

    sudo tcpdump -ni virbr0 host 1.1.1.1
    sudo tcpdump -ni wlan0 host 1.1.1.1

Tuma ombi kutoka ndani. Pakiti ikionekana kwenye virbr0 lakini siyo kwenye wlan0, ama faiwoli imeitupa, ama `net.ipv4.ip_forward` ni 0, ama imetokea kadi nyingine. Endesha tcpdump na `-i any` ujue kama imetokea kadi nyingine. Ikionekana kwenye kadi halisi ikiwa bado na anwani ya chanzo 192.168.122 kitu, NAT haikufanyika, na ruta ya nje haitajua pa kurudisha jibu. Mara nyingi kanuni za libvirt zimefutwa na programu nyingine ya faiwoli, na kuuzima na kuuwasha ule mtandao wa libvirt huziandika upya. Ikitoka na anwani sahihi na jibu halirudi, tatizo liko nje ya kompyuta yako. Jibu likifika kwenye kadi halisi na kuishia hapo, rudi kwenye mnyororo wa FORWARD na rp_filter.

Ukiongeza `-v`, tcpdump inaweza kuandika kwamba jumla ya ukaguzi ya pakiti zinazotoka ina makosa. Usiifukuzie. Mfumo umeiachia kadi kazi ya kuikokotoa, na tcpdump inaiona pakiti kabla kadi haijafanya hivyo.